Konokono wa Kiangazi

Kila asubuhi, kabla hajanawa uso, kabla hajaitika salamu ya mtu, Birago alikwenda uani akachutama mbele ya chungu kikubwa kilichokaa ubavuni mwa jiko. Alitoa jiwe, akafunua kawa, akachungulia. Konokono wenyewe alikuwa hawatazami. Alitazama mavi yao. Alichota kidogo kwa ncha ya kijiti, akakipaka kwenye jani, akalisogeza jani kwenye mwanga, akanusa. Akisharidhika ndipo anasema, "Haya, kumekucha," na watu wa nyumba ile wanajua kwamba sasa mtu anaweza kusema naye.

"Wenzio wakiamka wanamwomba Mungu," mdogo wake Konadu alikuwa akimtania, "wewe unakimbilia kunusa kinyesi."

"Mungu hali konokono wangu," Birago alijibu. "Wewe ndiye unayekula. Nimnusie nani?"

Konokono hana anachokikataa. Bustani ya kabichi ataimaliza, majimbi atayatoboa, na ule uyoga ambao kuku akiudonoa anageuka miguu juu, yeye ataula usiku na kesho utamkuta amenenepa. Hata mbono kaburi, ule mti wa sumu unaopandwa kuwa uzio, anautafuna. Mbuzi, na mbuzi kila mtu anamjua kwa uroho, huupita mbono kama haujaota, lakini konokono huupanda akayaacha majani yake kama chujio. Haumfanyi kitu. Unakaa tumboni mwake kimya, ukimngoja yule atakayemla yeye.

Ndiyo maana pale kijijini Asubirem hakuna anayemtoa konokono porini akamtia motoni siku hiyohiyo. Hufungishwa kwanza. Anatiwa chunguni, anapewa pumba kavu za mahindi na si kingine, mpaka kile kinyesi cheusi chenye ukijani kigeuke rangi ya pumba na kisinuke tena. Hilo hata mtoto analijua. Lakini kujua ni jambo moja na kungoja ni jambo jingine, hasa mtu akiwa na njaa au mteja akiwa mlangoni. Birago alisifika kwa kungoja. Waliokula konokono wake walikuwa wakisema hao mtu anaweza kumlisha hata mgonjwa.

Mumewe alikufa mtoto wao Serwaa akiwa bado anatambaa. Akarudi kwao, nyumba ya ukoo, kwa kaka yake mkubwa Nti, na konokono ndio waliomlea yule mtoto. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye mikono mikavu kwa ndimu na shabu za kuondolea ute. Hakujua kuringa kwa nguo wala kwa sauti kanisani. Kwa konokono aliringa. Pale sokoni, wenzake wakilalamika kwamba jua kali limewafanya konokono wajifunge midomo na kujizika ardhini, yeye alikuwa akisema bila hata kuinua kichwa, "Chungu cha Birago hakijui kiangazi."

Mwaka ule kilikijua. Upepo mkavu wa vumbi ulianza mapema, majani msituni yakawa yanavunjika yakikanyagwa, na konokono wakatoweka. Aliokuwa nao Birago aliwauza ili Serwaa apate masufuria na vitambaa, kwa kuwa Serwaa alikuwa amepata mchumba.

Mchumba mwenyewe aliitwa Fosu, fundi cherehani wa Goaso, kijana mpole wa kucheka kabla hajasema. Watu wake walitaka kuja kubisha hodi, yaani kuleta vinywaji na kutamka mbele ya ukoo kwamba wameona ua katika nyumba ile na wanataka kulichuma. Mama yake, Twumwaa, alituma neno: "Mwambieni mkwe wangu nisimwone na kuku. Kuku hata sisi tunao, wanatunyea mlangoni. Mimi nakuja kula konokono wa Birago. Hizo posa ni nyongeza."

Nti alimfikishia ujumbe akicheka. "Umesikia, dada? Na chungu chako kimekauka. Tumwambieje?"

"Mwambie aje na njaa," Birago akasema.

Jioni ileile akaenda kwa Bi Ataa, mke wa katekista, aliyekuwa na bustani ya mboga kando ya kijito. Hapo ndipo mahali pekee palipokuwa na unyevu, maana Bi Ataa alimwagilia maji asubuhi na jioni, na konokono wote waliokimbia jua walikuwa wamehamia kwake.

"Wachukue, wachukue!" Bi Ataa alisema akipunga mikono. "Nimewapigia magoti hawa wadudu. Kabichi zangu nilizifunika na chandarua, mume wangu akalala anaumwa na mbu, nikadhani nimepona. Wapi! Wamehamia kwenye ua. Hebu tazama mbono wangu."

Birago akatazama. Ua mzima wa mbono kaburi ulikuwa umetobolewatobolewa, na chini ya kila shina konokono wamebanana, wanene, wakubwa kama ngumi.

"Mbono wanaula hivi?"

"Kama mchicha! Mbuzi wangu mwenyewe haugusi. Wewe nenda nao, lakini wafungishe sana, shoga yangu, hao si wa kuharakisha."

"Unanifundisha mimi?"

Wakacheka wote wawili. Birago akajaza tenga.

Siku ya wageni ilikuwa bado iko mbali, nafasi ilitosha. Akawatia chunguni, akawapa pumba. Kila asubuhi alichungulia. Kinyesi kilikuwa kijani, cheusi, kikinuka jani bichi la mbono lililopondwa. Hakuwa na wasiwasi. Ndivyo inavyoanza.

Kisha Fosu mwenyewe akaja na pikipiki, vumbi limempaka hadi kope. Kulikuwa na mazishi makubwa katika ukoo wao, na wazee wa mazishi waliichagua siku ileile ya posa. Watu wake walikuwa wanaomba radhi, waje kesho, la sivyo mambo yasubiri mpaka miezi ya mvua.

"Kesho waje," Nti akasema. "Posa haiahirishwi. Ikishaahirishwa mara moja inazoea."

Fosu alipoondoka, Konadu akamgeukia dada yake. "Basi tupike samaki wa moshi. Niliwaona wazuri sokoni, kwa Afrakoma. Supu ya chikichi, samaki wa moshi, fufu laini la ndizi na muhogo wa kutwanga. Nani atalalamika?"

Birago alikuwa akilisikia lile neno lake mwenyewe: aje na njaa. Aliona namna Twumwaa atakavyochungulia bakuli, atakavyosema kwa sauti ya kuchekesha mbele ya wote, "Eeh! Kumbe chungu cha Birago kina kiangazi kama vyungu vingine!" Watu watacheka, na kesho yake neno hilo litakuwa sokoni.

Asubuhi aliamka mapema kuliko siku zote. Akachutama, akafunua kawa. Kilikuwa kijani. Si kijani kama mwanzo, alijiambia. Akachukua kijiti, akapaka, akasogeza kwenye mwanga, na mwanga ukamwambia lilelile. Akanusa. Akakitupa kile kijiti kwenye majivu na kusimama.

Hakusema kumekucha.

Konadu akatoka akifunga kitambaa kichwani. "Wamesafika?"

"Wamesafika," Birago akasema.

Aliwaosha kuliko alivyowahi kuosha konokono maishani mwake. Shabu, chumvi, ndimu, maji, tena ndimu, mpaka vidole vikawasha. Akakata matumbo na kuyatupa mbali. Lakini ulibaki mkia. Konokono ana mkia laini unaojikunja ndani kabisa ya gamba, mtamu, wenye mafuta, na kwao huo ndio firigisi yake: hupewa mgeni mkubwa. Konokono aliyefika mbele ya wakwe bila mkia ni tusi. Watauliza nani ameula. Na Birago alijua vilevile kwamba kila anachokula konokono, kikishapita tumboni, hukaa mkiani. Alishika kisu. Akakiweka juu ya mkia wa kwanza, akakiinua. Akaiacha mikia yote.

Pilipili nyingi, akawaza. Tangawizi. Moto wa kutosha. Moto unaua kila kitu.

Wageni walifika wamejaa gari, wamependeza, na Twumwaa akiwatangulia, mwanamke mpana mwenye kicheko cha kusikika nyumba ya tatu. Mjomba wa Fosu, mzee mrefu mwenye nguo ya kuvuka begani, ndiye aliyekuwa msemaji wao. Alieleza kwa mafumbo jinsi walivyokuwa wakipita njia wakaona ua. Nti akajibu kwamba nyumba ile ina maua mengi na mengine yana miiba, je, wana uhakika? Watu wakacheka. Serwaa akaitwa, akaulizwa kama vinywaji vipokewe. Akainamisha macho akasema ndiyo, mara tatu kama desturi inavyotaka, na ile mara ya tatu kila mtu aliisikia.

Chakula kikaletwa. Twumwaa akafunua bakuli, mvuke ukampanda usoni, akafumba macho.

"Jamani! Kiangazi hiki! Mkwe wangu, unawatoa wapi hawa, unawazaa?"

"Kaa ule, mkwe," Birago akasema, amesimama na jagi la maji ya kunawa.

"Nile peke yangu? Njoo hapa. Njoo tuvunje fufu hili pamoja, mkono wako na wangu."

"Mpishi hushiba kwa moshi."

"Huyo ni mpishi wa kuajiriwa. Wewe ni mama wa bibi harusi."

"Nitakula, mkwe. Nitakula baadaye."

Twumwaa akamwacha. Akala kwa raha, akaramba kidole. Kisha akachagua konokono mkubwa kuliko wote bakulini mwake, akaukata ule mkia kwa vidole, akamwita Serwaa. Serwaa akaja akapiga magoti. Twumwaa akauweka ule mkia mdomoni mwake kwa mkono wake mwenyewe, mbele ya koo mbili.

"Kula, mwanangu. Kuanzia leo changu ni chako."

Watu wakashangilia. Birago alikuwa hatua mbili tu kutoka pale. Angeweza kuangusha jagi. Angeweza kupiga kelele ya nyoka, ya moto, ya chochote. Alimwona mwanawe akitafuna, akitabasamu kwa haya, akimeza. Naye akasema, "Mnawe mikono, jamani," na kuanza kumimina maji.

Jua lilikuwa limeanza kulegea wakati mjomba wa Fosu aliposimama kutoa maneno ya kuagana. Alikuwa katikati ya sentensi, mkono ameuinua, "kwa hiyo wazee wetu husema kwamba nyumba njema," halafu akanyamaza. Watu wakadhani ni madaha ya wasemaji. Mkono ukashuka taratibu. Akavuta nguo yake, akatembea haraka, kisha akakimbia nyuma ya nyumba, na sauti iliyotoka huko haikuwa ya msemaji. Twumwaa akaanza kucheka. Kicheko kikamkatikia kooni, akashika tumbo. Baada ya hapo hakuna aliyekuwa na muda wa kumcheka mwenzake. Kila kichaka kilikuwa na mtu na nguo yake nzuri. Waliotapika walitapika mpaka wakabaki wanatoa povu.

Serwaa alikuwa ameinama penye mfereji, magoti kwenye tope. Birago akamshika kichwa, akamfuta kwa upindo wa nguo yake.

"Mama," Serwaa akasema alipopata pumzi. "Na wewe? Tumbo lako?"

"Langu halina neno."

Serwaa akageuza uso, akamtazama. Akainama tena kutapika, na safari hii akakitoa kichwa chake mikononi mwa mama yake, akashika ukingo wa mfereji mwenyewe.

Walipelekwa zahanati, wakanyweshwa maji yenye chumvi na sukari, wakatundikiwa dripu. Hakufa mtu. Mjomba wa Fosu ndiye aliyelala muda mrefu, kwa sababu alipewa mikia mingi kwa heshima ya uzee wake.

Maneno yakaanza. Wengine walisema ni husuda. Wengine walisema bustani ya Bi Ataa ilipigwa dawa, dawa ya mjini ya kuua wadudu, na konokono waliilamba. Hilo lilishika zaidi, kwa kuwa ni la kisasa. Watu wakaacha kununua kabichi zake. Bi Ataa akaja nyumbani kwa Nti analia, "Birago, shoga yangu, waambie! Sina dawa mimi, ningekuwa na dawa ningewaacha wale ua wangu? Si nilikuambia mwenyewe uwafungishe?"

"Ulisema," Birago akajibu, macho kwenye ufagio.

"Basi waambie!"

"Nitawaambia."

Hakuwaambia. Siku zikaenda. Sokoni alikaa mahali pake na ndizi za kuuza, na watu walikuwa wakimpa pole. Hiyo pole ndiyo ilikuwa mbaya. Mtu akimsogelea tu, alikuwa anaanza kupanga ndizi ambazo zimekwishapangwa. Uani Serwaa alimwandalia chakula kama kawaida, akamwekea maji ya kuoga kama kawaida, akamwita mama kama kawaida. Ila walipokula, Serwaa alikuwa akingoja. Alikata tonge, akalishika, mpaka aone mama yake amemeza kwanza.

Hatimaye watu wa Goaso wakaita kikao. Walikuja bila kicheko. Vinywaji vilivyopokewa siku ile vilikuwa bado kwa Nti, na wao walitaka kujua kama wavichukue au waviache. Mjomba wa Fosu, amekonda, akasema kwa sauti ndogo, "Hatukuja kugombana. Tunauliza tu. Tunamchukua mtoto kutoka nyumba ya aina gani?"

Nti akajikohoza. "Mkwe, aibu haikuumbiwa sisi Waakan. Nyumba hii haina sumu. Kuna mtu mwenye bustani, na mtu huyo tumemwita hapa ajieleze."

Bi Ataa alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na mlango, mumewe kando yake. Akaanza kunyanyuka.

"Mwacheni," Birago akasema.

Wote wakageuka. Mwanamke haingilii maneno ya msemaji hivihivi.

"Hana kosa. Konokono walikula mbono. Nilichungulia asubuhi ya siku ile. Kinyesi kilikuwa kijani."

Konadu akasema polepole, "Dada. Mimi nilikuuliza."

"Uliniuliza."

"Ulijua?" Twumwaa akasema. Hakupaza sauti hata kidogo. "Ulijua, nikakukaribisha ule, ukasema moshi?"

"Nilijua. Nilisema aje na njaa, nikaona haya kula maneno yangu."

"Mimi si kitu. Mimi ni mtu baki. Nilimlisha mwanao mkia kwa mkono wangu huu, na wewe umesimama na jagi."

Birago akamgeukia mwanawe. Serwaa, aliyekuwa ameketi nyuma ya mjomba wake, alikuwa anatazama vidole vya miguu yake. Birago akaketi.

Watu wa Goaso wakatoka kushauriana, wakarudi. Faini ya kondoo mmoja na vinywaji vya kuwasafishia wazee aibu ile, hilo Nti alilikubali kabla halijamalizwa kutamkwa. Kisha Twumwaa akasema mwenyewe, bila msemaji: "Binti namtaka. Alikula mkia ule pamoja nami, tumetapika kichaka kimoja. Huyo ni wangu. Lakini siku ya harusi watu wangu hawatakula chakula kilichoguswa na mkono wa yule. Nisameheni. Siwezi."

"Ni haki," Nti akasema.

Birago pia akasema, "Ni haki." Hakuna aliyemwuliza.

Harusi ilifanyika mvua zilipoanza. Uani mlijaa wanawake tangu alfajiri. Mbuzi wawili walichinjwa, mchi ulikuwa ukidunda kinuni bila kupumzika. Konadu ndiye aliyeshika jiko. Birago alivaa nguo yake nzuri, akafagia mahali palipokwishafagiwa, akapeleka viti, akavirudisha. Kila alipofika penye meko mazungumzo yalikuwa yakipungua, kisha yanaanza upya juu ya jambo jingine.

"Nikusaidie nini?" akamwuliza Konadu.

"Pumzika tu, dada. Leo siku yako. Nenda kakae na mwanao."

Mwanawe alikuwa chumbani akivishwa shanga, mlango umefungwa, vicheko vikitoka ndani. Birago alisimama mlangoni kidogo. Hakubisha.

Alirudi jikoni. Supu ilikuwa ikichemka na pembeni mwake palikuwa na bakuli la chumvi. Harufu ilimwambia kwamba chumvi haijatosha. Mtu aliyepika miaka yote hiyo habishani na pua yake. Akachota kwa vidole, kidogo tu, akainua mkono.

Mwanamke mmoja wa Goaso aliyekuwa ameketi pale kulinda vyungu akaufunika mdomo wa chungu kwa kiganja. Hakumtazama vibaya. Aliufunika tu, kwa upole, kama mtu anavyofunika chakula vumbi linapopita. Mvuke ulimchoma lakini hakuuondoa mkono wake.

Mchi ukaacha kudunda.

Birago akairudisha ile chumvi ndani ya bakuli, akakung'uta vidole. "Nakwenda kukata majani ya mgomba," akasema, "ya kufunikia fufu."

"Tunayo, da..." Konadu akaanza, kisha akaacha. "Haya, dada. Usikawie."

Akatoka kwa mlango wa nyuma. Alipita migomba ya kwanza, akapita ya pili, na wanawake wawili waliokuwa wakichota maji walimsalimu naye akawaitikia vizuri. Kwenye barabara kuu lilikuwa limesimama lori la kakao linaloelekea mbali, upande wa Sefwi. Alizungumza kidogo na dereva, akavua viatu vyake vya harusi, akavishika mkononi, akapanda. Huku nyumbani ngoma zilikuwa zimeanza, bibi harusi anatolewa nje, na Konadu, amesimama mlangoni na mwiko, akatuma mtu mwingine akakate majani.